Paa la Nyumba ya Mtoni

Mwaka nilioanza kazi Nyumba ya Mtoni ni ule tuliokula ndizi kwa chumvi ya majivu. Ndizi zilikuwapo tele, maana mgomba haujui vita. Chumvi ndiyo iliyopotea. Tulichoma maganda ya ndizi pamoja na matete, tukatia majivu kwenye kibuyu kilichotobolewa kitako, tukamimina maji juu yake, na yale yaliyodondoka chini ndiyo tuliyotia kwenye chungu cha ebitoke, ndizi zetu za kupika. Yalikuwa na uchungu, yaliacha ulimi mkavu kana kwamba umelamba ukuta. Binti yangu mkubwa alionja akaniuliza, "Mama, hii ni dawa?" Nikamwambia ndiyo, ni dawa ya njaa, meza. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kalenda haijawahi kunisaidia. Miaka naikumbuka kwa chungu.

Nyumba ya Mtoni ni nyumba ya kulala wageni kando ya barabara itokayo Bukoba kwenda Muleba, pale barabara inapovuka mto. Siku zile watu wa Bukoba walikuwa wanashuka kusini kwa miguu wakikimbia mabomu, godoro kichwani, kuku kwapani. Vyumba vilijaa siku ya kwanza. Waliobaki walilala chini kwenye ukumbi wa msonge, ile nyumba ya mviringo ya nyasi ya wazee wetu, na nyasi za kutandika sakafuni zilitakiwa kubadilishwa kila siku. Ikatangazwa kanisani kwamba wanatafutwa wanawake wenye mikono. Nikasema mikono ninayo.

Nilifika asubuhi na mganda mkubwa wa nyasi kichwani, najiona hodari. Msimamizi wa Nyumba alikuwa Ma Paskazia, mwanamke mfupi mnene, funguo zimening'inia kiunoni kama kengele za mbuzi. Sisi Wahaya mwanamke wa heshima tunamwita Ma, na mwanamume tunamwita Ta. Huyu hata asingekuwa na heshima ungemwita Ma kwa woga.

"Wewe ni nani?"

"Ni Koku, Ma. Mke wa Deo, dereva wa lori la kahawa."

"Sikuuliza mumeo anaendesha nini. Nyasi umezikata saa ngapi?"

"Alfajiri, Ma. Bado mbichi kabisa, zina umande wake."

Akachomoa unyasi mmoja, akauweka shavuni, akanitazama.

"Unataka wageni waote uyoga mgongoni? Kaanike. Kesho uje na nyasi. Leo umeleta mchuzi."

Kesho yake nikaja na nyasi zilizokatwa jua likiwa limekunywa umande wote. Nyasi zenyewe tulizitoa rweya, yale maeneo ya wazi nje ya vibanja, ambako hapaoti kahawa wala ndizi. Akanikabidhi msonge mzima nitandike. Nikaanzia mlangoni, nikaenda nikitandika kwa mbio, nikafika ukuta wa nyuma, nikasimama kufuta jasho. Ma Paskazia alikuwa mlangoni amekunja mikono.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Ma."

"Haya. Toka sasa."

Hapo ndipo nilipoona. Mlango uko kule, mimi niko huku, katikati kuna kazi yangu. Nikipita naichafua.

"Ruka," akasema. "Si una haraka? Ruka kama panzi."

Wanawake wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikaikanyaga kazi yangu yote, nikatoka, nikaanza upya. Mtandika nyasi huanzia ukuta wa nyuma, anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Kila safu inaficha vikonyo vya safu iliyotangulia, yaani zile ncha zilizokatwa na mundu, ili mguu wa mgeni ukutane na ulaini tu. Unene ni kiganja kimoja kilichosimamishwa. Ukizidisha, watoto wanapotea humo. Ukipunguza, wazee wanaumwa nyonga. Nilifanya kazi hiyo miaka minne kabla ya kupewa nyingine, na sijaona carpet ya ofisi yoyote iliyonishinda.

Aliyeijua nyumba yenyewe alikuwa Ta Laurian. Cheo chake kiliandikwa Fundi wa Majengo, lakini kazi yake hasa ilikuwa paa la msonge, kama ilivyokuwa ya baba yake na ya babu yake. Alikuwa mrefu, mkimya, anatafuna kahawa kutwa nzima. Siku moja aliniona naweka safu zangu, akasimama kwa muda.

"Nani kakufundisha kuficha vikonyo hivyo?"

"Ma Paskazia, Ta."

"Sawa. Hilo unalofanya ni paa. Umelilaza tu."

Kuanzia siku ile alinionyesha nyumba kidogo kidogo, kama mtu anayekutambulisha kwa ndugu zake.

Ilikuwa nyumba mbili zilizooana. Ya kwanza ndefu, ya matofali, vyumba vinane vinavyotazama mto. Aliijenga Mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa, ambaye hakuna aliyekumbuka jina lake, alitaka nyumba kama za kwao zilizo kando ya mito. Matofali yalifinyangwa kwa udongo wa ukingoni hapohapo, yakachomwa pale ilipo bustani. Msingi ni wa mawe ya mto, unafika kifuani mwa mtu mzima, na chini yake kuna matundu yaliyopangwa kwa mstari. Ta Laurian aliyaita pua. Masika mto ukipanda, maji yanaingia puani, yanakaa chini ya sakafu siku mbili tatu, yakichoka yanaondoka. Kazi yetu ilikuwa kuzitoa takataka puani kabla ya masika. Miaka ya baadaye meneja mmoja mgeni aliziziba kwa sababu ya vyura. Mwaka huo ukuta wa jikoni ulipasuka kutoka chini mpaka dirishani, tukazibua kimyakimya.

Mbele kulikuwa na baraza yenye matao saba. Mafundi walikuwa wamezoea kujenga makanisa, kwa hiyo baraza ilifanana kidogo na mahali pa kuungamia. Tao la tatu lilikuwa chini kuliko mengine. "Siku hiyo fundi alilewa orubisi," Ta Laurian aliniambia, "akapima tao kwa urefu wake mwenyewe akiwa amekaa." Wageni warefu waligonga vichwa hapo, na wenyeji wao walicheka kabla ya kuwapa pole.

Vyumba vilijulikana kwa sauti ya mto. Kipo ambacho maji yalinong'ona, kipo ambacho yalicheka juu ya mawe, na cha mwisho ambacho hukusikia kitu. Wafanyabiashara wa samaki waliotoka visiwani walipenda cha mwisho, maana walisema maji wameshayachoka.

Yule Mzungu alipomaliza nyumba yake, watu wetu hawakuikalia. Walifika, wakasalimia, wakaketi nje kwenye majani. Chumba chenye pembe nne kiliwatia wasiwasi, humo hujui mkubwa akae wapi. Ndipo akamwita babu yake Ta Laurian, mzee huyo akajenga msonge mwishoni mwa baraza, na hapo watu wakaingia. Msonge wenyewe ni matete yaliyofungwa kwa kamba za mgomba kuwa pete, pete ndogo juu kabisa, kisha inayofuata ni kubwa zaidi, mpaka ile ya chini inayozunguka ukumbi wote. Pete zinakaa juu ya nguzo, nyasi zinakaa juu ya pete, na juu kabisa kuna mganda mnene uliofungwa kama kilemba, tuliouita kofia. Kila asubuhi lazima uwashwe moto humo, awepo mgeni asiwepo, ili moshi ufukuze wadudu. Mahali vigae vya nyumba ya matofali vilipokutana na nyasi za msonge, mzee yule alilaza gogo lililochongwa kama mtumbwi, likachukua maji ya pande zote mbili na kuyapeleka mtoni. Watu wa mipango walikuja kulipima na kuliandika. Mimi nililisafisha kila Jumamosi kwa kijiko.

Wakati wa vita nilimwona Meneja wa Kwanza, yule niliyemkuta nilipoanza, akifanya kazi yake, na sijamsahau. Alikuwa mzee, zamani alikuwa katekista, hakujua kupaza sauti. Siku moja alifika mwanamke kutoka upande wa Misenyi, mimba imeshuka, uchungu umemshika, hana hata kitenge cha akiba. Karani akamwambia vyumba vimejaa. Meneja akatoka ofisini.

"Koku, ukumbini nyasi ni za leo?"

"Za leo, Bwana Meneja."

"Upande wa nyuma, penye giza, ongeza kiganja kimoja. Wanaume wote watoke nje wakatazame mto."

Wanaume wakatoka, wakautazama mto kama wamelipwa. Mtoto wa kike alizaliwa pale juu ya nyasi zangu kabla jua halijageuka. Mama yake alilala siku tano, akaendelea na safari ya Muleba. Ndipo kwa mara ya kwanza nilipoelewa kwamba kutandika nyasi ni kazi ya kweli, si kubahatisha tu kwa mwanamke asiyesoma.

Vita vilikwisha, chumvi ikarudi, mimi nikapandishwa kwenda vyumbani. Nilijifunza kukunja shuka pembe nne, kukausha godoro, kupaka mafuta mbao za madirisha ili zisivimbe wakati wa mvua. Nikapelekwa Muleba miezi mitatu kwenye nyumba ya wageni ya serikali, ya saruji na bati. Mvua ikinyesha pale mlikuwa hamsikiani, mnazungumza kwa mikono. Nilirudi mtoni nikabusu nguzo. Ma Paskazia alinikuta nabusu.

"Na wewe umeshakuwa kichaa," akasema. Kisha akanipa nusu ya funguo zake.

Halafu ukaja ugonjwa.

Vijana mnausikia redioni, una jina na dawa. Sisi ulitukuta hatuna vyote viwili. Wengine waliuita Juliana, kama vile vitambaa vya magendo vilivyopendwa siku zile. Nitasema wazi, maana wengi wanaoandika habari za wakati ule wanazungukazunguka: nyumba za wageni zilihusika. Nilitandika vitanda hivyo mimi mwenyewe, niliona nani aliingia na nani. Watu walipoanza kufa, wengine wakaanza kupita mbele ya geti letu wameshika pua, kana kwamba ugonjwa unatoka madirishani. Deo wangu aliendesha lori mpaka Kemondo bandarini na kurudi, na njiani alikuwa na mahali pake pa kupumzika. Alikufa. Nilimuuguza mpaka mwisho, nilimwosha, nilimkasirikia, nilimlilia. Mimi Mungu aliniacha hai, na sababu yake sijaijua mpaka leo.

Pale kazini waliokwisha zaidi ni watu wa paa. Ta Laurian alikuwa na kikosi cha wanaume sita, ndio walioezeka msonge kila ulipochoka. Walikuwa na pesa ya mkononi, walizunguka, walipendwa. Wakafa mmoja mmoja. Kila tulipotoka kuzika, Ta Laurian alirudi ukumbini, akakaa, akatazama juu. Aliyebaki mwisho alikuwa yeye, na yeye naye akaanza kukonda. Mke wake alikwisha kutangulia. Tukamhamishia kwenye kile chumba kisichosikia mto, karibu na jiko, nikawa nampelekea uji. Wafanyakazi wengine hawakutaka kugusa kikombe chake.

"Koku," aliniambia siku moja, "wewe huogopi?"

"Naogopa nini, Ta? Nimeosha wa kwangu. Wewe ni mwepesi kuliko yeye, hata kukugeuza si shida."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mpumbavu wewe," akasema, na nilijua ananishukuru.

Wakati huohuo paa likaanza kuvuja. Upande wote wa mtoni, kuanzia mabegani mwa msonge mpaka kwenye kofia, nyasi zilikuwa zimeoza, na hapakuwa na mwanamume aliyejua kuezeka. Tulikuwa na Meneja wa Pili, kijana wa Bukoba mjini, suruali imenyooka kama rula. Si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Aliona nyumba haina wageni, paa linavuja, fundi anakufa, akafanya hesabu yake. Akatuita barazani.

"Tumepata bati," akasema. "Lori litaleta. Msonge tutaubomoa, tutajenga ukumbi wa kisasa wenye pembe nne."

Nikakimbia kumwambia Ta Laurian. Nilidhani atalia. Vidole vyake vikahesabu kitu juu ya blanketi.

"Paa linaezekwa na watu wawili," akasema. "Mmoja nje, mmoja ndani. Wa nje anachoma sindano ya mti yenye kamba, inapenya nyasi, wa ndani anaizungusha kwenye pete na kuirudisha. Mkono wa ndani bado ninao, Koku. Wa nje sina."

"Nitakuwa mimi."

"Mwanamke hapandi paa."

"Umesema mwenyewe nyasi ninazotandika ni paa lililolala."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Akafumba macho. "Basi nilikosea kusema mbele yako," akasema, na mkono wake ukanitafuta juu ya blanketi.

Nikaenda kwa Meneja. Nikamwomba siku kumi na mbili. Baada ya hapo, likidondoka hata tone moja la mvua ndani ya ukumbi, na abomoe, nami nitashika nyundo nimsaidie. Akatazama lile tao la tatu juu ya kichwa chake.

"Kumi na mbili, Mama Koku. Si kumi na tatu."

Mambo ya kustaafu nayasema hapahapa, maana sitaki kumalizia nayo. Nilikaa Nyumba ya Mtoni miaka mingi baada ya hayo, nikawa Msimamizi wa Nyumba, nikavaa funguo zote. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na blanketi. Magoti yangu sasa yanatabiri mvua kuliko redio. Naishi kibanjani na wajukuu, wengine ni wangu, wengine niliachiwa na waliokufa, siku hizi sikumbuki vizuri yupi ni yupi na wala sijali. Ukipita barabara ile utauona msonge, pale pale. Wasichana wanne wanajua kuuezeka, niliwafundisha mwenyewe, na wamevaa suruali zao wenyewe. Vijana wa chuo walikuja kupiga picha wakaniuliza, Bibi, nini siri ya jengo kama hili? Nikawaambia hakuna siri. Kuna kuzibua pua, kusafisha mtumbwi, kuwasha moto kila asubuhi. Mtu akiacha kufanya hivyo kwa miaka miwili, mtapiga picha ya udongo. Wakaandika. Kisha msichana mmoja akauliza, ni kweli wazee walikuja kukushusha? Kwa nini hukushuka?

Ni kweli. Walikuja siku ya kumi na mbili.

Siku kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Nilivaa suruali ya Deo, nimeifunga kwa kamba ya mgomba, wanawake wa nyasi wakanipitishia miganda kutoka chini. Ta Laurian alikaa ndani kwenye kigoda, akarudisha sindano mpaka pete zikapanda juu kuliko mkono wake. Hapo Ma Paskazia, na miguu yake mibovu, akapanda jukwaa la ndani tulilolifunga kwa matete na magogo. "Jukwaa si paa," akasema, "mila haijanikataza jukwaa." Ta Laurian tukamlaza chini katikati ya ukumbi, juu ya nyasi mpya, chali. Hivyo ndivyo wanavyokagua mafundi wa msonge. Unalala chali katikati, unatazama juu, na kila tundu linaloingiza mwanga unalihesabu. Matundu hayo wanayaita nyota. Paa zuri ni giza tupu.

Tuliongea hivyo kutwa, yeye chini, mimi juu, katikati yetu nyasi.

"Koku! Huko unaona nini?"

"Naona ziwa, Ta. Naona mitumbwi ya wavuvi."

"Bahati yako. Mimi naona matako ya Paskazia."

"Funga mdomo, mzee!" Ma Paskazia akafoka jukwaani. "Hesabu nyota!"

"Kumi na moja," akasema.

Siku ya kumi na mbili asubuhi zilikuwa tano. Mchana zikawa tatu. Sauti yake ilikuwa imepungua, Ma Paskazia akawa anaipokea na kunirushia. Hapo lori la bati likaingia uani. Meneja wa Pili akatoka barazani na mwavuli, kwa kuwa wingu lilikuwa limesimama juu ya ziwa na linakuja. Na geti likafunguka, akaingia Ta Sevelini, mdogo wa baba mkwe wangu, na fimbo yake, na wazee wengine wawili. Mtu alikuwa amewapelekea habari.

"Koku! Shuka!" Ta Sevelini akapaza sauti. "Mwanamke akipanda paa mume wake anakufa!"

"Mume wangu alishakufa, Ta. Nilikuwa chini."

Wanawake wa nyasi wakainamisha vichwa, mabega yanawatetemeka kwa kicheko. Mzee akapiga ardhi kwa fimbo.

"Nyota mbili," Ma Paskazia akaniletea kutoka ndani. Nikachoma sindano, nikavuta, nikafunga.

"Anasema vizuri sana. Anasema imebaki moja. Kulia kwako, chini ya kofia. Koku, anasema ufanye haraka, anataka kuona giza."

Upepo wa mvua ukafika. Ulikuja kwa mto, ukainua nyasi zilizolegea, ukanipiga usoni na harufu ya samaki. Niliukumbatia msonge kwa miguu yote miwili, kofia iko mkononi, sindano iko mdomoni. Chini niliona mwavuli wa Meneja umegeuka juu chini. Akautupa.

"Mama Koku, siku zimekwisha!" akasema. "Mvua hiyo hapo. Shuka!"

Nikatoa sindano mdomoni.

"Sishuki. Bado nyota moja."

Tone la kwanza likanipiga shingoni, la pili mkononi. Ndani nilimsikia Ta Laurian mwenyewe, si Ma Paskazia, sauti nyembamba kama ya mtoto, "Kulia, Koku. Kulia kidogo." Nikapapasa, kidole changu kikaingia kwenye lile tundu, nikajua kule chini ameiona nyota inazimika na kuwaka. Meneja alikuwa amesogea mpaka kwenye ngazi, ameishika kwa mikono miwili isiteleze, suruali yake inalowa. Hakufoka tena.

"Mama," akasema, "utaanguka. Tafadhali, mama yangu, shuka."

"Sishuki. Bado nyota moja."